Mchunga Nguruwe Aliyekuwa Waziri Mkuu: Ukonfusio, Utao na Vyeo vya Watu katika Uchina ya Kale



Katika mkutano wetu uliopita, tulipokwisha kula na mazungumzo yamenoga, ndugu mmoja ambaye nililala naye bweni moja aliniuliza kwa utani: “Wewe bwana, ulikwenda Chuo Kikuu ukasoma mambo ya Wachina wa kale. Je, yamekufaa nini huko ofisini kwako?” Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani swali lile lilinirudia. Mhariri aliponiomba niandike chochote kwa ajili ya toleo hili, nikaona ndiyo nafasi ya kumjibu ndugu yangu huyo.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Wachina wa kale walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuamua kwamba mtoto wa mkulima anaweza kuwa mtawala kwa sababu amesoma. Uamuzi huo ndio uliotuinua wengi wetu kutoka vijijini. Lakini kilichotokea baada ya uamuzi ule ndicho kinachotuhusu zaidi, nacho ndicho ninachotaka kukieleza. Nitazungumzia dola mbili za kwanza za Uchina iliyoungana, yaani Qin (221 hadi 206 K.K.) na Han (202 K.K. hadi 220 B.K.).

WALIMU WAWILI

Confucius alizaliwa mwaka 551 K.K. katika nchi ndogo ya Lu, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Shandong, akafariki mwaka 479 K.K. Zama zake Uchina ilikuwa imegawanyika, na vyeo vilirithiwa. Wachina walikuwa na neno “junzi”, ambalo maana yake ya asili ni mtoto wa bwana, yaani mtu aliyezaliwa katika ukoo wa watawala. Confucius akalichukua neno hilo akalipa maana nyingine: junzi ni mtu mwenye mwenendo bora, awe amezaliwa wapi. Mwenendo huo unapatikana kwa kujifunza. Inasemekana kwamba hakumfukuza mwanafunzi hata kama ada yake ilikuwa nyama kavu kidogo tu.

Hata hivyo, tusimfanye kuwa mtetezi wa usawa. Yeye na wafuasi wake waliona kuwa jamii njema ni ile ambayo kila mtu anatimiza wajibu wa nafasi yake. Mwanafunzi wa baadaye wa mafundisho hayo, Mencius, alizitaja nafasi hizo kwa jozi tano: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki. Ukiangalia vizuri, ni jozi ya mwisho tu ambayo watu wake wako sawa.

Mwalimu wa pili ni Laozi. Habari za maisha yake hazina uhakika, na wanachuoni wengi wanaona kwamba kitabu chenye jina lake kilitungwa na mikono ya watu kadhaa. Mwaka 1993, huko Guodian katika mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi la kama mwaka 300 K.K., na ndani yake vikakutwa vibao vya mianzi vyenye sehemu za kitabu hicho. Msingi wake ni “Tao”, maana yake njia: mwendo wa asili ambao vitu vyote hufuata. Mtawala anayelazimisha mambo huharibu. Amri zikizidi, wezi nao huzidi. Mwenzake katika fikra hizo, Zhuangzi, alipoitwa na mfalme wa Chu apewe wadhifa mkubwa, wajumbe walimkuta akivua samaki. Akawauliza juu ya kobe mtakatifu aliyehifadhiwa hekaluni: je, angependa kuwa mfu anayeheshimiwa, au kuwa hai akiburuta mkia topeni? Walipojibu kuwa heri kuwa hai, akawaambia waende zao, naye anabaki topeni.

Basi mmoja alimfundisha mtu namna ya kutumika, mwingine namna ya kukataa kutumikishwa.

QIN: CHEO KWA UPANGA

Hata hivyo, aliyeiunganisha Uchina hakuwasikiliza wote wawili. Kaisari wa kwanza, Qin Shi Huang, alifuata wanafalsafa wa sheria, walioamini kwamba binadamu huongozwa kwa vitu viwili tu, tuzo na adhabu. Tangu karne ya 4 K.K. waziri Shang Yang alikuwa ameweka katika nchi ya Qin ngazi za vyeo kwa watu wa kawaida. Askari aliyeleta kichwa cha adui alipanda ngazi, na mtoto wa mtukufu asiye na sifa vitani alikosa. Hayo yalikuwa mapinduzi makubwa ya kijamii. Damu ya ukoo ilianza kupoteza thamani kabla ya Wakonfusio kushika madaraka.

Dola ya Qin ilikuwa dola ya makarani. Mwaka 1975, wakulima waliokuwa wakichimba mfereji huko Shuihudi, Hubei, walifukua kaburi la mtumishi mmoja wa serikali za wilaya aliyeitwa Xi, aliyefariki yapata mwaka 217 K.K. Alizikwa na vibao vya mianzi zaidi ya 1,100 vyenye sheria na taratibu za kazi: namna ya kutunza ghala, kupima nafaka, kuhoji mtuhumiwa, kutoza faini. Mimi niliyezeeka katika mafaili nilipozisoma habari zake nilimwonea huruma na kumheshimu kwa pamoja. Alikwenda ahera na waraka wake.

Lakini dola hiyo ilichosha watu kwa vita, kodi na shokoa. Mwaka 213 K.K. iliamuru vitabu vya wanafalsafa vichomwe. Mwaka 209 K.K. wakulima wakaasi, na haikupita miaka minne Qin ikaanguka.

HAN: UTAO SERIKALINI

Aliyeshinda baada ya vurugu hizo ni Liu Bang, mtoto wa mkulima, aliyewahi kuwa mkuu wa kituo kidogo cha barabarani. Mwaka 202 K.K. akawa Kaisari Gaozu wa Han. Hakuwapenda wasomi, inasimuliwa kuwa aliwahi kumvua msomi kofia akakojoa ndani yake. Msomi Lu Jia alipomsomea mafundisho ya kale, Kaisari alifoka kwamba dola hii ameipata juu ya farasi, vitabu vya nini? Lu Jia akamjibu kuwa kuipata juu ya farasi ni jambo moja, lakini kuitawala ukiwa juu ya farasi ni jambo lingine. Kaisari aliona haya, akamwagiza aandike sababu za Qin kuanguka.

Nchi ilikuwa hoi, na kwa muda wa kama miaka 60 watawala wengi walifuata fikra za Kitao: punguza amri, punguza kodi, waache watu wapumue. Cao Shen, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 193 hadi 190 K.K., hakubadilisha sheria hata moja. Alikunywa pombe mchana na usiku, na kila aliyekuja kumpa ushauri alinyweshwa mpaka akasahau alichokuja kusema. Kaisari kijana alipomlaumu, alieleza kwamba Kaisari hampiti baba yake, wala yeye Cao Shen hampiti waziri aliyemtangulia. Sheria zimekwisha tengenezwa vizuri, basi heri kuzilinda. Wananchi walimsifu sana. Watumishi wenzangu, msiutumie mfano huu kwa mkubwa wenu.

Katika kipindi hiki kodi ya ardhi ilishuka, na mwaka 156 K.K. ikawekwa kuwa sehemu moja ya thelathini ya mavuno. Tena mwaka 167 K.K. ilifutwa adhabu ya kukata viungo vya mwili, na chanzo chake ni binti mdogo. Mganga Chunyu Yi alishtakiwa akapelekwa mji mkuu, akalalamika njiani kwamba ana mabinti watano na hana mwana wa kumsaidia katika shida. Binti wa mwisho, Tiying, akamfuata. Alimwandikia Kaisari Wen kwamba mguu uliokatwa hauoti tena hata mtu akitubu, naye yuko tayari kuwa mtumwa wa serikali ili baba yake asamehewe. Kaisari akabadilisha sheria.

Lakini kuachia kuna ubaya wake. Waliokuwa na nguvu waliachiwa pamoja na wanyonge. Mwaka 178 K.K. afisa Chao Cuo alimwandikia Kaisari kwamba mkulima mwenye jamaa ya watu watano hulazimika kuuza shamba, nyumba, hata watoto wake ili alipe madeni, na wanunuzi ni wafanyabiashara. Sheria ilimdharau mfanyabiashara. Gaozu alikuwa amemkataza kuvaa hariri na kupanda gari la farasi. Wachina walipanga watu katika makundi manne, kwanza msomi, kisha mkulima, fundi, na mwisho mfanyabiashara. Kumbe kwa vitendo wa mwisho ndiye alikuwa tajiri, na mkulima aliyesifiwa ndiye fukara.

Mlinzi wa mwisho wa Utao ikulu alikuwa mwanamke, Mama Mfalme Dou. Msomi wa Kikonfusio Yuan Gu alipokiita kitabu cha Laozi maneno ya watumishi wa nyumbani, bibi huyo alighadhibika, akaamuru mzee huyo atupwe katika banda la nguruwe apigane na nguruwe. Mwanawe, Kaisari Jing, alimpenyezea msomi kisu kikali, naye akamwua mnyama kwa pigo moja. Bibi Dou alifariki mwaka 135 K.K., na hapo upepo ukabadilika.

MLANGO WA SHULE WAFUNGULIWA

Kaisari Wu alitawala kuanzia mwaka 141 hadi 87 K.K. Alitaka dola yenye nguvu, na dola yenye nguvu huhitaji maofisa. Mwanafalsafa Dong Zhongshu alishauri wapatikane kwa kusomeshwa na kwa kupendekezwa. Mwaka 136 K.K. vikawekwa viti vya walimu wa vitabu vitano vya Kikonfusio. Mwaka 134 K.K. kila mkoa uliagizwa kupendekeza watu wanaowatii wazazi wao na wasiopenda rushwa. Mwaka 124 K.K. kikaanzishwa Chuo Kikuu cha serikali chenye wanafunzi 50. Kufikia mwisho wa karne ya 1 K.K. walikuwa 3,000, na katika karne ya 2 B.K. walitajwa kuwa zaidi ya 30,000.

Aliyesimamia mpango wa Chuo hicho ni mtu ambaye jina lake nimelipenda tangu nilipolisikia: Gongsun Hong. Kijana huyu wa familia maskini alikuwa askari jela, akafukuzwa kazi kwa kosa, akawa mchunga nguruwe karibu na bahari. Alianza kusoma vitabu alipokwisha pita umri wa miaka 40. Mwaka 124 K.K., akiwa na miaka zaidi ya 70, akawa Waziri Mkuu. Kabla yake cheo hicho kilishikwa na watu wenye utukufu wa ukabaila. Yeye alipewa utukufu kwa sababu amepata cheo. Mambo yaligeuzwa juu chini.

Tusidanganyike, hata hivyo. Kaisari Wu alivaa Ukonfusio kama joho la nje. Ndani alitumia sheria kali za Qin, na faraghani aliwatafuta waganga wa dawa ya kuishi milele. Serikali yake ilihodhi chumvi na chuma, na mwaka 81 K.K., baada ya kifo chake, wasomi walioitwa kutoka mikoani walisimama mbele ya waziri Sang Hongyang, ambaye mwenyewe ni mtoto wa mfanyabiashara, wakamwambia kuwa serikali haipaswi kugombea faida na raia. Fikirini jambo hilo: watu wa mikoani, kwa nguvu ya elimu tu, wanabishana na waziri uso kwa uso.

MTOTO WA KIKE

Mlango huo ulikuwa wa wanaume. Yupo mwanamke mmoja aliyepita pembeni. Ban Zhao, aliyeishi yapata mwaka 45 hadi 116 B.K., alikuwa mjane wa ukoo wa wasomi. Kaka yake Ban Gu alipofia gerezani mwaka 92, ni yeye aliyeitwa kumalizia kitabu chake kikubwa cha historia ya Han. Alimfundisha Malkia Deng, ambaye baadaye alishika hatamu za dola.

Kitabu chake cha mafunzo kwa wanawake kinawaudhi wengi leo, maana kinamtaka mke awe mnyenyekevu mbele ya mume na wakwe. Lakini katikati ya unyenyekevu huo ameweka hoja kali: ikiwa wavulana wanafundishwa kusoma tangu miaka minane, kwa nini wasichana waachwe? Na wasipofundishwa, watajuaje huo wajibu wanaodaiwa? Alitumia maneno ya Kikonfusio yenyewe kubisha hodi katika mlango wa Wakonfusio. Haukufunguliwa.

MLANGO WAFUNGWA

Sasa nafikia mahali panaponiuma. Kuang Heng alikuwa maskini aliyefanya kibarua ili aweze kusoma. Mwaka 36 K.K. akawa Waziri Mkuu, kisha akafukuzwa kazi ilipogundulika kuwa mpaka wa ardhi aliyopewa umesogea kwa faida yake. Mtoto wa kibarua alikuwa amekuwa bwana shamba.

Naye hakuwa peke yake. Katika Han ya Mashariki, kuanzia mwaka 25 B.K., wale walioingia kwa elimu waliwasomesha wana wao, wakawapendekeza wana wa wenzao, nao wakapendekezewa wa kwao. Ukoo wa Yuan wa Runan ulitoa mawaziri wa daraja la juu kabisa kwa vizazi vinne mfululizo. Hakuna sheria iliyobadilishwa. Wilaya bado zilitafuta watii na waadilifu, ila waadilifu walionekana kuzaliwa katika nyumba zilezile.

Na wasio na ukoo walijifunza kuigiza. Mtu mmoja, Zhao Xuan, alimzika mzazi wake, akaacha njia ya kaburi wazi, akakaa humo akiomboleza zaidi ya miaka 20, huku sifa za utii wake zikienea. Gavana Chen Fan alipochunguza alikuta kuwa mwombolezaji amezaa watoto watano humohumo kaburini. Akamwadhibu. Wema uliokuwa sharti la kupata kazi ulikuwa umegeuka kuwa nguo ya kuombea kazi.

Ikulu nayo ilitekwa na matowashi na jamaa za malkia. Wasomi na wanafunzi walipopinga, serikali iliwakamata na kuwapiga marufuku mwaka 166 na 169.

UTAO WARUDI KWA MLANGO WA NYUMA

Je, mkulima alikwenda wapi? Alikwenda kwa Utao, lakini si ule wa ikulu. Huu ulikuwa dini. Zhang Jue aliwaponya wagonjwa kwa toba na maji ya baraka, akakusanya wafuasi wengi sana, na mwaka 184 wakaasi wakiwa wamefunga vilemba vya njano. Uasi huo ulizimwa kwa damu nyingi. Magharibi, katika bonde la Hanzhong, Zhang Lu aliongoza jumuiya ya aina hiyo hadi mwaka 215. Alijenga nyumba kando ya barabara zenye mchele na nyama, msafiri ale kiasi cha haja yake bila malipo. Aliyetenda kosa dogo alitengeneza hatua mia za barabara, na kosa lake likafutwa. Badala ya maofisa wa kawaida waliongoza viongozi wa ibada, na katika dini hiyo hata wanawake waliweza kupata cheo hicho.

Watu walijijengea serikali yao, kwa sababu ile iliyokuwapo haikuwa yao tena. Mwaka 220 Han ikaisha.

JIBU LANGU

Kwa hiyo ndugu yangu aliyeniuliza, elimu hii imenifaa nini ofisini?

Miaka michache iliyopita nilikaa katika meza ya kuwasaili vijana walioomba kazi. Palikuwa na kijana mmoja ambaye viatu vyake vilimzidi, bila shaka vya kuazima. Palikuwa na mwingine ambaye baba yake tunafahamiana. Wote wawili walijibu vizuri. Nilimpa alama zaidi yule wa pili. Hakuna aliyenipa hata senti moja, wala aliyenipigia simu. Nilijiambia kwamba nimeona malezi bora. Usiku ule nilimkumbuka Gongsun Hong, nikajiuliza kama angevuka meza yangu. Nilijua jibu, maana nami niliingia shule yetu na viatu vya kaka yangu, vimejazwa karatasi mbele. Yule kijana sijui yuko wapi leo.

Wachina husemwa kuwa maofisa wao walikuwa Wakonfusio kazini na Watao wakirudi nyumbani. Nami naona mtumishi wa umma anawahitaji walimu wote wawili mezani pake. Confucius amkumbushe kwamba nafasi aliyoikalia ina wajibu. Zhuangzi amkumbushe kwamba cheo ni koti la kuazima, na ukiliogopea sana kulivua, utafanya lolote ili libaki mwilini. Han haikufa kwa kukosa shule, maana Chuo chake kilikuwa kimejaa. Ilikufa baada ya waliopita mlangoni kusimama pale pale mlangoni.

Tukikutana tena, ndugu zangu, pamoja na kukumbushana uji wa shule na kengele ya alfajiri, tuulizane pia ni watoto wangapi wa watu tusiowajua ambao tumewashikia mlango. Mimi nitakuja na hesabu yangu, ingawa si nzuri.

Tuonane kwa heri, Mungu akitujalia.